Nyundo Haondoki

Mwenye sofa alikuja mara tatu wiki ile, na mara zote aliikuta imekaliwa. Ilikuwa imeshatiwa sponji mpya na nusu ya kitambaa, umebaki mgongo tu, lakini juu yake walikuwa wamejipanga wanaume wakibishana kana kwamba wameilipia. Mwenyewe, mama mpole wa ofisi ya maji, aliuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, itakuwa tayari lini?" Fundi alimjibu bila kugeuza shingo, "Dirisha likifungwa, mama. Likifungwa tu, mimi natulia."

Alimaanisha dirisha la usajili. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikifika saa kumi na mbili jioni, hakuna klabu ingeruhusiwa kuuza mchezaji wala kununua mpaka katikati ya msimu. Fundi sofa huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake uwanjani, alikuwa hajapiga msumari wa maana tangu asubuhi.

"Wanamuuza," alisema Kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mlango wa pili kutoka karakana ya Kipaza, na alikuja na mashine ya kunyolea mkononi, mteja amemwacha kwenye kiti akiwa amenyolewa upande mmoja. "Nimesikia redioni sasa hivi. Wamekubaliana bei. Nyundo anaondoka."

"Haondoki!" Kipaza aliruka.

"Anaondoka, nakwambia. Bado vipimo tu vya afya."

"Mwaka juzi walimuuza kipa, tukaambiwa ni sheria. Mwaka jana beki wa kushoto, tukaambiwa ni sheria. Leo mshambuliaji. Wakimaliza wachezaji watauza nyasi!"

Wote walicheka isipokuwa Mhasibu. Huyu alikuwa amestaafu kazi ya hesabu kwenye bohari la saruji, na tangu astaafu hakuwa na hesabu nyingine ya kufanya zaidi ya za klabu. Alisubiri kicheko kiishe, akakohoa kidogo.

"Tuweke ushabiki pembeni," alisema. "Sheria ya Shirikisho la mpira ni nyepesi, hata mtoto anaielewa. Klabu ikiingiza mia, mishahara isizidi sabini. Sisi tunaingiza mia, tunalipa sabini na mbili. Tusiposhuka, tunaanza msimu tumekatwa pointi. Na Nyundo peke yake anakula mshahara wa mabeki wote."

"Anafunga!"

"Sijakataa kwamba anafunga. Anafunga, na anakula."

"Na ile timu ya matajiri?" Kinyozi aliuliza, mashine yake ikinguruma hewani. "Mbona wao wananunua kila kukicha? Sheria haiwaoni?"

"Wao wanaingiza zaidi."

"Wanaingiza wapi! Mwenye timu anatoa mfuko wa kulia, anatia mfuko wa kushoto, halafu anaita udhamini. Sisi wenye mfuko mmoja ndio tunapigwa rungu."

Hapo hata Mhasibu alicheka. Ulikuwa ubishi mtamu, wa kuanzia asubuhi hadi jioni bila mshindi, na kwa kweli ungeishia hapo kama siku zote. Lakini Kipaza alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akifikiria kambi ya timu, nyumba kubwa mwisho wa barabara yao, yenye ukuta pande zote na geti moja tu.

"Hivyo vipimo anafanyiwa wapi?" aliuliza.

"Hospitali ya mjini. Daktari wa hao wanunuzi anamsubiri huko."

"Na kambini anatokea wapi?"

"Si getini? Atoke wapi tena?"

Kipaza aliitazama ile sofa ya mama wa ofisi ya maji. Aliitazama kwa muda, na wenzake waliokuwa juu yake wakaanza kuelewa. Ilikuwa sofa ya watu watatu, nzito, ya mbao ngumu. Gari lolote lingelazimika kusimama mbele yake. Yule mteja aliyenyolewa nusu alichungulia mlangoni, taulo shingoni, akauliza kwa unyonge, "Na mimi je?"

"Na wewe njoo," Kinyozi alimwambia. "Tunahitaji watu."

Nyumba ya Kipaza ilikuwa nyuma ya karakana, vyumba viwili na ua. Uani ndiko alikofanyia kazi mkewe, ambaye watu walimwita Mama Jezi. Alifua jezi zote za klabu, za wakubwa na za vijana, na mifuko ililetwa na kuchukuliwa na mtunza vifaa wa timu. Siku hiyo kamba zilikuwa zimejaa kutoka ukuta hadi ukuta, kila jezi imegeuzwa ndani nje ili namba isichubuke kwa jua. Chini kwenye mkeka alikaa mama mkwe wake, anaoanisha soksi. Bibi alikuwa mwepesi wa kazi hiyo, na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Kaa," Mama Jezi alimwambia mumewe alipoingia kunywa maji.

"Nina haraka."

"Kaa, nimesema."

Kipaza alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mkewe alijifuta mapovu mikononi, akamweleza. Mtunza vifaa alikuwa amepita asubuhi, mlango wa nyuma, kwa siri. Alikuwa amesikia viongozi wakizungumza. Nyundo akiuzwa leo, mambo yanabaki kama yalivyo. Asipouzwa, lazima mishahara ipunguzwe kwingine, na wachezaji wana mikataba, hawagusiki. Wanaogusika ni wasio na mikataba: yeye Mama Jezi, mpishi wa kambi, na mlinzi. Jezi kila mchezaji atakwenda kujifulia kwake.

Kipaza alicheka. "Nyundo afue soksi? Wewe unamwona Nyundo ameinamia beseni?"

"Mimi sicheki."

"Wanakutisha, mke wangu. Kila wakitaka kuuza mtu wanatisha watu. Hizo ni mbinu."

"Labda ni mbinu. Mimi hesabu za Shirikisho sizijui. Ninachojua, ada ya mtoto inatoka kwenye mabeseni haya. Binti yako amebakiza mwaka mmoja awe muuguzi, na muhula unaanza kesho kutwa. Chuo kinakubali nilipe kila mwezi nikipokea, mpaka amalize. Ya kwako ingetoka wapi? Hiyo sofa huko mbele ina wiki ngapi?"

Neno hilo lilimchoma Kipaza, kwa sababu lilikuwa kweli na lilisemwa mbele ya mama yake.

"Nakuomba kitu kimoja," mkewe aliendelea, sauti imeshuka. "Sijakuomba kitu siku nyingi. Nasikia mnataka kwenda getini. Waende wao. Wewe leo usiende. Kaa hapa, maliza ile sofa."

"Huyu?" Bibi alidakia bila kuinua macho kwenye soksi. "Huyu tangu anatambaa, ukimwambia usiguse, umemwonyesha pa kugusa."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mimi naoanisha soksi zangu."

Kipaza alimpenda mkewe, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka hilo. Alimpenda pia binti yake, akamsifia kila alipopata msikilizaji. Lakini tangu ujana wake, kila mahali alikoingia alikuwa fundi tu, mtu wa kuulizwa itakuwa tayari lini. Uwanjani peke yake ndiko maelfu ya watu walisubiri afungue mdomo ndipo nao wafungue. Mtu akishaonja hivyo ni vigumu kubaki nyumbani.

"Nitasimama nyuma kabisa," alisema akiinuka. "Kuangalia tu."

Mkewe alimtazama akitoka, akarudi kwenye beseni. Hakumwamini hata kidogo.

Mchana ule watu walijaa barabarani kuanzia karakana mpaka kambini. Sofa ilibebwa miguu juu kama jeneza la mtu mnene, ikatuliwa katikati ya geti, na waliokaa juu yake walikuwa Kinyozi, Mhasibu na Kipaza, Kipaza katikati. Nyuma kabisa alisimama kwa muda wa kama kusalimia tu.

"Nyundo!" alipaza.

"Haondoki!" umati ulijibu.

Gari jeusi lilitoka ndani mpaka getini, likapiga honi, likazima injini. Nyundo alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kimeinamia simu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na kule alikokuwa anakwenda wangemlipa mara tano. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anataka kuondoka. Walimpungia mikono kwa mapenzi, naye aliinua kiganja kidogo, akaendelea na simu.

Katibu wa klabu alitoka kwa mguu, shati limelowa mgongoni. Alianza kwa ukali, akaona hafui dafu, akaanza kubembeleza.

"Jamani, hizi sheria hatukuzitunga sisi. Mnajiumiza wenyewe."

"Uzeni hilo gari!" Kipaza alimjibu, na watu wakavunjika mbavu.

"Sikilizeni. Huyu asipoondoka, kuna watu watakosa kazi. Watu wa humu humu, majirani zenu. Mnataka hivyo?"

Kicheko kilikatika. Kipaza alijua ni watu gani. Katika umati wote ule yeye peke yake alijua. Aliona kamba za uani kwake, akamwona mkewe anavyojifuta mikono kabla ya kusema jambo zito. Angeweza kuinuka hapo. Sofa isingekuwa na mtu wa katikati, wenzake wangeduwaa, na gari lingepita. Lakini umati ulikuwa umenyamaza kumsubiri yeye, shingo zote zimegeukia kwake, na kimya cha namna hiyo hakuwahi kukishinda.

"Kateni popote mnapotaka!" alipaza. "Nyundo!"

"Haondoki!"

Katibu alirudi ndani. Jua lilianza kupoa, simu ya Nyundo ikaita mara kadhaa, kisha ikaacha kuita. Mtu mmoja mwenye redio begani ndiye aliyetangaza kwamba dirisha limefungwa. Kelele zilizofuata zilifika mpaka uani kwa Mama Jezi, naye akajua matokeo bila kuambiwa.

Haikupita muda wakaja wenyewe. Kipaza alikuwa juu ya mabega ya watu, sauti imekauka, machozi ya furaha mashavuni. Waliingia uani bila hodi, wakaimba chini ya kamba, wakazikanyaga jezi zilizoanguka. Mmoja aliichomoa namba tisa ya Nyundo, bado ina unyevu, akaitikisa juu, ikatoka nao. Jirani mmoja alimkumbatia Mama Jezi kwa nguvu. "Mama, mumeo ametuokoa!"

"Karibuni," Mama Jezi alisema. Alikuwa ameshaanza kukusanya jezi zilizokanyagwa, azirudishe kwenye maji.

Mtunza vifaa alikuja kesho yake, safari hii mlango wa mbele, maana siri ilikuwa imekwisha. Alikuwa mzee wa adabu, na alivua kofia kabla ya kuingia. Alikataa kiti.

"Shemeji, ni yale yale niliyokwambia," alisema. "Wameniagiza nichukue kila kitu leo. Mwezi huu watakulipa. Baada ya hapo, basi."

"Mpishi je?"

"Naye amekwisha ambiwa. Mlinzi naye." Alizungusha kofia mikononi. "Mimi mwenyewe bado. Sijui kwa nini."

Walihesabu pamoja, jezi, bukta, soksi. Ilikosekana moja, namba tisa. Mzee aliona aibu kulisema, lakini alilisema: bila hiyo jezi bohari la klabu lisingesaini mapokezi, na bohari lisiposaini, pesa ya mwezi isingetoka.

Mama Jezi alijitanda kitambaa kichwani, akaenda kwa Kinyozi. Jezi ilikuwa ukutani juu ya kioo, imepigiliwa kwa misumari midogo ya sofa. Wateja walikuwa wengi siku ile, wanasimuliana jana ilivyokuwa, kila mmoja akijiweka karibu zaidi na ile sofa.

"Nimekuja kuchukua jezi," alisema.

"Mama, hiyo ni historia!" Kinyozi alicheka. "Hiyo haitoki. Hata Nyundo mwenyewe akija, haitoki."

"Ni mali ya bohari. Nadaiwa mimi."

"Waambie imeliwa na mbuzi."

Kibanda kizima kilicheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na furaha tu, na furaha yao haikuwaacha wamwone mtu. Mama Jezi alisubiri kicheko kiishe. Kilipoanza tena, alivuta kiti kilichokuwa tupu, akapanda na viatu vyake, akaanza kung'oa misumari kwa kijiko cha kuchanganyia rangi ya nywele. Mtu mmoja alimshikia kiti kisiteleze. Alishuka na jezi mkononi, akamrudishia Kinyozi kijiko chake, akasema asante. Kisha akarudi kwake.

Alikaa uani akaziba matundu kwa sindano, moja moja, kwa uzi wa rangi ile ile. Bibi alimsogezea taa ya mkononi apate kuona vizuri.

Kipaza alikuwa ameyasikia yote kutoka karakana. Hakutoka kumsaidia mkewe kwa sababu hakujua angeanzaje. Siku hiyo alikuwa na fedheha yake mwenyewe: mama wa ofisi ya maji alikuja na kuikuta sofa yake ina tope, kitambaa kimechanika, alama za viatu kwenye sponji. Hakugombana. Alileta watu wakaibeba vile vile ilivyo, akampelekea fundi mwingine. Kipaza angependelea kutukanwa.

Jioni aliwaita wenzake. Walikuja wakiwa bado na raha, wakatafuta pa kukaa, wakakosa, wakasimama.

"Mmesikia walichomfanyia mke wangu," Kipaza alianza. "Na mpishi, na mlinzi. Sasa mimi nasema hivi. Tulikaa kwa ajili ya Nyundo, wakashindwa. Tukae tena kwa ajili ya hawa watatu. Kesho asubuhi tu. Hata mchana haufiki watakuwa wameita mazungumzo."

Walitazamana. Kinyozi alikuna kidevu. Aliyeanza alikuwa Mhasibu, kwa upole, kama anavyoeleza mambo yote.

"Shida ni sheria, Kipaza."

"Jana hiyo sheria uliikalia."

"Jana alikuwa mshambuliaji. Angalia hesabu. Nyundo amebaki, mishahara iko juu, klabu imekata kidogo huku, kidogo kule, imeponea chupuchupu. Wakiwarudisha hawa, tunakatwa pointi. Tukikatwa pointi, tunashuka daraja. Unataka tushuke daraja kwa sababu ya kufua?"

"Tunampenda sana shemeji," Kinyozi aliongeza haraka. "Lakini mpira hauna huruma, ndugu yangu. Kila klabu inapunguza watu."

"Halafu," Mhasibu alisema, na hapa aliinamisha macho, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "uliyewaambia wakate popote ni wewe. Sisi tuliitikia tu."

Kipaza alishika msumari mmoja, akauzungusha vidoleni. Wenzake walisimama kidogo, wakazungumzia mechi ya Jumamosi kwa sauti za chini kama watu waliokuja kuhani msiba, wakaaga mmoja mmoja.

"Basi nitakwenda mwenyewe," alimwambia mkewe walipokuwa wanakula. "Nitakaa pale getini peke yangu. Katibu hatoki mpaka anisikilize."

Mama Jezi alisogeza sahani yake pembeni. Alikuwa na hasira naye ambayo isingeisha mwezi huo wala uliofuata, lakini ada ilikuwa ada.

"Nenda," alisema. "Mwambie hata nusu ya mshahara nitakubali. Hata jezi za wakubwa tu. Mwambie mpaka mtoto amalize mwaka, wakitaka kunitoa baada ya hapo wanitoe."

"Nitamwambia."

"Usiimbe."

"Siimbi."

Alikwenda asubuhi, akiwa amevaa shati la kola. Geti lilikuwa limefungwa na hapakuwa na mlinzi wa kumuuliza shida yake. Alikaa juu ya jiwe kando ya njia. Watu waliokuwa wanakwenda kazini walimsalimia kwa jina, wengine wakapaza "Nyundo!" wakisubiri aitikie. Aliinua mkono tu. Gari la katibu liliingia kwa kasi vioo vimepandishwa, na Kipaza alipofika kwenye geti lilikuwa limeshajifunga. Aligonga. Hakuna aliyekuja. Alirudi kwenye jiwe, akakaa, na jua likaanza kumpata.

Nyundo alifika mwisho, amechelewa mazoezi. Alipomwona mtu wa sofa amekaa peke yake alisimamisha gari, akashusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Mzee, umekuja tena?"

Kipaza aliinuka. Hakuwa amewahi kuwa karibu naye kiasi kile. Kwa karibu alionekana mtoto, ana chunusi kwenye paji la uso.

"Nenda nyumbani, mzee," Nyundo alisema. "Siondoki tena. Hata nikitaka siwezi, dirisha limefungwa. Mama yangu alikuwa ameshafungasha." Alitabasamu kwa shida. "Lakini si kosa lenu. Nyinyi mnanipenda. Njoo tupige picha."

Alishuka, akamshika bega, akanyoosha simu juu. Kipaza alicheka kwenye picha. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikubwa, cha meno yote. Nyundo alirudi ndani ya gari, akasubiri kidogo kama mtu anayeona mwenzake ana neno, kisha geti likafunguka na akaingia.

Mama Jezi alikuwa uani. Kamba zilikuwa tupu, na Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mikono mapajani, hajui aifanyie nini.

"Umemwona katibu?"

"Amenipita. Nimegonga, hawakufungua."

"Kwa hiyo hukuonana na mtu."

"Nimeonana na Nyundo," Kipaza alisema, na alipolisema aliona uso wa mkewe umebadilika.

"Nyundo mwenyewe? Alisimama?"

"Alisimama. Alishuka kabisa garini."

Mama Jezi alimsogelea, akamshika mkono. Hakuwa amemshika tangu siku ile ya getini. "Mungu mkubwa," alisema. "Yule ndiye. Yule akisema neno moja tu, watafanya. Sasa hivi wanamwogopa kuliko rais wa Shirikisho. Ukamwambia?"

Kipaza alitazama chini. Angeweza kudanganya, na aliwahi kudanganya kwa mambo madogo zaidi.

"Alisema ana haraka?" mkewe alimsaidia.

"Hapana. Alisubiri."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia," Kipaza alisema, "Jumamosi atufungie mawili."

Bibi alifumba macho. Mama Jezi aliuachia mkono wa mumewe taratibu, akaurudisha pale alipoukuta. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na simu, akabonyeza jina la binti yao, akampa mumewe ikiwa inaita.

"Muhula unaanza leo," alisema. "Mwambie wewe."

Simu ilipokelewa haraka. Nyuma palikuwa na vicheko vya wasichana wengi.

"Baba!" binti alipiga kelele za furaha. "Baba, nimekuona! Nyundo ameiweka picha, chuo kizima kinayo. Wenzangu hawaamini kama ni baba yangu. Mlikuwa mnaongea nini, mbona unacheka vile?"

Kipaza alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa amempa kisogo, amepanda juu ya ndoo, anafungua fundo la kamba ya kwanza ukutani.

"Mwanangu," alisema, "tuzungumze kuhusu ada."